Kihispania cha jikoni: jinsi ya kujifunza maneno ya chakula na mapishi bila kukariri listi ndefu

Wengi wakianza Kihispania cha chakula wanatafuta listi. Tufaha ni manzana, maziwa ni leche, kuku ni pollo, wanakariri weeee mpaka majina mia alafu wakifungua resipi yenyewe ya Kihispania hawaelewi hata mstari wa kwanza. Tatizo ni kwamba resipi haiendeshwi na majina, inaendeshwa na vitenzi na vipimo. Jina la kiungo usipolijua utaangalia picha na mambo yataenda, lakini kitenzi usipokijua utachemsha kitu kilichotakiwa kukaangwa. Kwahiyo huku majina tunayapitia chapuchapu, nguvu tunaiweka kwenye kupika.

1. Chagua nchi kwanza

Kihispania ni lugha rasmi kwenye nchi 20, kuanzia Hispania yenyewe na Meksiko mpaka Guinea ya Ikweta huku Afrika, ukijumlisha na Puerto Rico. Sarufi haitofautiani sana ila kwenye chakula ndo kuna vurugu kubwa kuliko sehemu ingine yoyote ya lugha. Maharage tu peke yake Meksiko ni frijoles, Hispania ni judías au alubias, Argentina na Chile ni porotos, Venezuela ni caraotas, Puerto Rico na Jamhuri ya Dominika ni habichuelas. Na usidhani yameishia hapo, maana habichuela ukienda nayo Kolombia wanakuletea yale maharage ya kijani yanayopikwa na ganda lake.

Viazi ni patatas Hispania, papas Amerika yote ya Kilatini. Parachichi ni aguacate Meksiko na Hispania, palta ukiwa Peru, Chile au Argentina. Juisi ni zumo Hispania, jugo kwingine. Karanga ni cacahuete Hispania, cacahuate Meksiko (herufi moja tu imebadilika), maní kwa wengine wengi. Na tortilla ndo usiseme, Meksiko ni mkate mwembamba wa mahindi, Hispania ni mayai na viazi vilivyokaangwa pamoja, yaani vyakula viwili visivyo na undugu wowote.

Ukijaribu kubeba yote kwa pamoja utachoka wiki ya kwanza. Chagua nchi moja, kwa sababu una rafiki huko, au kazi, au unapenda tu video za wapishi wao, alafu jifunze maneno ya hapo. Mengine utayaokota njiani. Mimi hapa nitatumia ya Hispania zaidi na nitakutajia tofauti pale inapokuwa na maana.

2. Weka sauti sawa, haichukui muda

Hapa mtu wa Kiswahili ana bahati. Irabu ni zilezile tano, a e i o u, na zinatamkwa kama zetu, hazibadiliki badiliki. Ñ ni ny yetu, kwahiyo piña, nanasi, ni pinya. J ni kh kama ya kheri: ajo (kitunguu saumu) ni akho. H haisikiki kabisa, huevo (yai) ni webo, harina (unga) ni arina, horno (oveni) ni orno, na hapo kwenye huevo umeona pia v inasikika kama b. Qu ni k, kwahiyo queso, jibini, ni keso. Ll ni y, cebolla ni seboya ukiwa Meksiko, na sehemu kubwa ya Hispania ile c inakuwa th, theboya. Ukifika Buenos Aires hiyo ll inageuka sh, pollo anakuwa posho, usishangae mtu akikuambia amekula posho na kwenye sahani unaona paja la kuku.

Kinachotusumbua sisi ni mkazo. Sisi tumezoea kukaza silabi ya pili kutoka mwisho, na neno la Kihispania likiishia na irabu, n au s linafuata hivohivo: toMAte, ceBOlla, paTAtas. Ila likiishia na konsonanti nyingine mkazo unaruka mwisho: aRROZ, coliFLOR. Na vitenzi vyote kwenye kamusi vinaishia na r, kwahiyo ni corTAR, peLAR, freÍR, sio KOrtar. Ukiona kialama juu ya irabu, hapo ndo pa kukaza bila kubishana, azúcar, sartén, limón.

3. Chukua maneno ambayo tayari unayo nusu

Waislamu walitawala sehemu za Hispania kuanzia 711 mpaka 1492, na Kiarabu kiliacha maneno mengi jikoni. Kiswahili nacho kimechota kwenye kisima hichohicho, kwahiyo kuna maneno utayatambua ukiyasoma kwa sauti. Sukari ni azúcar, zafarani ni azafrán, zeituni ni aceituna, biringanya ni berenjena. Ile a, az au al mwanzoni mara nyingi ni ile al ya Kiarabu iliyogandia humo, ndo maana arroz na aceite (mafuta ya kupikia) zinaanza hivo. Na habari njema, arroz ni moja tu, iwe mpunga, mchele au wali, wao hawahangaiki.

Wareno nao walituachia yao, na Kireno ni ndugu wa Kihispania. Meza ni mesa, mvinyo ni vino, limau ni limón. Ongeza na ya dunia nzima, sopa, café, papaya, mango, tomate, chocolate, ensalada, unakuta una maneno zaidi ya kumi kabla hujakaa chini kusoma.

Ila kuna mitego. Pera ya Kihispania sio pera letu, ni peasi, lile letu wao wanaita guayaba. Papa sio samaki mkubwa wa meno, ni kiazi, na ukikaza mwisho papá unakuwa ni baba. Tango kwao ni muziki na dansi, tango la kachumbari ni pepino. Tuna huko Meksiko ni tunda la mpungate, samaki jodari ni atún. Nata kwa Hispania ni krimu ya maziwa. Na huu ukumbuke zaidi ya yote, kuku wa kula ni pollo siku zote, usijaribu kumfanya wa kike ukasema polla, Hispania hilo ni tusi na mhudumu atacheka mpaka aite wenzake.

4. Jina lisikae peke yake, likae na el au la

Kihispania kina ngeli mbili tu, ya kiume inayotanguliwa na el (wingi los) na ya kike inayotanguliwa na la (wingi las). Mtu aliyekulia kwenye ki-vi, m-mi na u-zi hawezi kulalamika kwa ngeli mbili, jamani. Sifa inakubaliana na jina kama kwetu tu: el tomate rojo, los tomates rojos, la cebolla roja, las cebollas rojas. Na sifa inakuja baada ya jina, kama kwetu pia, nyanya nyekundu, tomate rojo.

Nyingi zikiishia na o ni el na zikiishia na a ni la. Shida iko kwenye zile zinazoishia na herufi zingine, na jikoni ziko nyingi: la leche, la sal, la carne, la miel, la sartén, la nuez, lakini el arroz, el aceite, el pan, el pez. Hizo ndo za kukariri pamoja na kichwa chake, usiandike sal, andika la sal. Agua ni ya kike ila inachukua el kwa sababu ya matamshi, el agua fría, ikubali hivo tu uendelee.

5. Vitenzi, hapa kaa

Nimevipanga kwa mtiririko wa kazi yenyewe, sio kwa alfabeti, maana mkono ukiwa unafanya kichwa kinashika.

Kabla ya moto: lavar ni kuosha, pelar kumenya, cortar kukata, picar kukatakata vidogovidogo, rallar kukwaruza (karoti, jibini), machacar kuponda, moler kusaga, batir kupiga mayai, mezclar kuchanganya, amasar kukanda, remojar kuloweka, escurrir kuchuja maji yatoke, colar kuchuja kwenye chujio.

Kwenye moto: calentar kupasha, hervir kuchemka au kuchemsha, cocer kupika kwenye maji mpaka kiive, freír kukaanga, sofreír kukaanga kidogokidogo kwa moto mdogo (vitunguu na nyanya vya mwanzo wa mchuzi, ndo sofrito hiyo utaisikia kila siku), asar kuchoma au kubanika, hornear kuoka, remover kukoroga, echar kutia, añadir au agregar kuongeza, tapar kufunika, dejar kuacha, probar kuonja. Remover inawadanganya wanaojua Kiingereza, wanasoma remueve wanatoa kitu kwenye sufuria badala ya kukikoroga.

Sasa, hivyo ni vya kwenye kamusi. Kwenye resipi utavikuta vimebadilika na hapo ndo watu wanapotea. Mpishi anakupa amri: corta, pela, pica, mezcla, hizo rahisi. Ila vingine vinabadilika katikati: calentar inakuwa calienta, hervir inakuwa hierve, cocer inakuwa cuece, colar inakuwa cuela, probar inakuwa prueba, remover inakuwa remueve, moler inakuwa muele. Ukiangalia ni mambo mawili tu, e inafunguka kuwa ie na o inafunguka kuwa ue. Hivyo vichache viandike ubandike ukutani.

Resipi nyingine hazitoi amri, zinaandika kwa adabu corte, pele, mezcle, au zinaacha kitenzi kizima cortar, pelar, au zinasema se corta, se pela, yaani inakatwa, inamenywa. Usitishike, kazi ni ileile.

Alafu kuna umbo la "iliyo-", hili litakulipa sana kwa sababu ndo linatengeneza majina ya vyakula na viungo. Frito ni iliyokaangwa, asado iliyochomwa, cocido iliyopikwa kwa maji, rallado iliyokwaruzwa, picado iliyokatwakatwa, molido iliyosagwa, relleno iliyojazwa ndani. Ukizijua hizo menyu inaanza kujisoma yenyewe: pollo asado, huevo frito, queso rallado, pimientos rellenos. Nyama ya kusaga ni carne picada kwa Hispania na Argentina, Meksiko na wengine carne molida.

Na upande wa moto jifunze kama vifungu, usivunje neno kwa neno: a fuego lento moto mdogo, a fuego medio moto wa kati, a fuego fuerte moto mkali, al horno kwenye oveni, al vapor kwa mvuke, a la plancha kwenye bamba la chuma, a la parrilla kwenye wavu wa kuchomea.

6. Vipimo

Haraka. Una cucharada ni kijiko cha mezani kimoja, una cucharadita kijiko cha chai, una taza kikombe, un vaso glasi, una pizca de sal chembe ya chumvi, un puñado konzi moja, un chorrito de aceite mafuta kidogo ya kumimina, un diente de ajo punje moja ya kitunguu saumu (wao wanaita jino), una rodaja kipande cha mviringo kama cha limau, una rebanada slaisi ya mkate, medio kilo nusu kilo, al gusto kadiri unavyopenda. Umeona cuchara, kijiko, imeongezewa -da ikawa kiasi kinachojaa kijiko? Puño ngumi, puñado kiasi kinachojaa ngumi. Ukilishika hilo utakisia vingine mwenyewe.

7. Pika resipi moja kwa Kihispania mwanzo mpaka mwisho

Hii ndo hatua yenyewe, ukiruka zingine hii usiruke. Nashauri tortilla de patatas ya Hispania kwa sababu ina viungo vitano tu lakini inagusa kama theluthi ya vitenzi vyote hapo juu. Viungo: 4 patatas medianas, 6 huevos, 1 cebolla, 1 vaso de aceite de oliva, sal. Kwenye kitunguu Wahispania wenyewe wanagombana, kuna wa con cebolla na wa sin cebolla, na hawatapatana leo. Wewe weka, unapata neno la ziada.

*Pela las patatas y córtalas en rodajas finas. Pica la cebolla.* Menya viazi na uvikate slaisi nyembamba, katakata kitunguu. Iangalie hiyo córtalas. Ni corta na las imebandikwa nyuma, las ni viazi, yaani "vikate". Sisi tunabandika mbele, wao nyuma kwenye amri, basi.

*Calienta el aceite en la sartén y fríe las patatas y la cebolla a fuego lento.* Pasha mafuta kwenye fraipani, kaanga viazi na kitunguu kwa moto mdogo. Ukisoma a fuego lento ujue hawataki viazi vikauke kama chipsi, wanataka vilainike, dakika ishirini hivi.

*Bate los huevos con una pizca de sal.* Piga mayai na chembe ya chumvi.

*Escurre las patatas y mézclalas con el huevo.* Chuja mafuta kwenye viazi, uvichanganye na yai. Umeiona tena, mézclalas.

*Echa la mezcla en la sartén. Cuando cuaje, dale la vuelta con un plato.* Tia mchanganyiko kwenye fraipani, ukianza kuganda ugeuze kwa kutumia sahani. Cuajar ni kuganda kama yai linavyoganda, na dar la vuelta ni kugeuza. Sahani iwe kubwa kuliko fraipani na ufanyie juu ya sinki, hilo halina uhusiano na Kihispania ila utanishukuru.

Kabla ya kuwasha moto isome resipi kwa sauti mara mbili. Ukiwa unapika sema unachofanya: pelo las patatas, namenya viazi, corto la cebolla, bato los huevos. Kwa sauti kabisa, kama kuna mtu nyumbani atazoea. Alafu baada ya siku kadhaa ipike tena bila kuangalia maandishi, jisimulie mwenyewe.

8. Jiko lenyewe liongee

Bandika stika kwenye vyombo: la olla sufuria, la sartén fraipani, el cuchillo kisu, la tabla kibao cha kukatia, el colador chujio, el rallador kikwaruzio, el mortero kinu, el cucharón upawa, el horno oveni, la nevera friji (Argentina heladera, Meksiko refrigerador). Angalizo, estufa Meksiko ni jiko la kupikia, Hispania ni hita ya kupasha chumba joto. Listi ya sokoni nayo iandike kwa Kihispania, hii ni bora kuliko apu yoyote kwa sababu usipolikumbuka neno unarudi nyumbani bila kitunguu.

Apu za kadi kama Anki zinasaidia kwa kurudia, ila kwenye kadi weka picha au sentensi ya resipi, sio neno la Kihispania huku na la Kiswahili kule. Dakika kumi kwa siku zinatosha.

9. Mezani

Nina njaa ni tengo hambre, nina kiu ni tengo sed, neno kwa neno kama sisi. Ila ukisikia joto sema tengo calor, usiseme estoy caliente, hiyo inaeleweka kwamba una ashiki na meza nzima itanyamaza. Chakula cha moto ni caliente, chakula chenye pilipili ni picante, na kuuliza kama kinawasha unasema ¿pica mucho? Kitamu chenye sukari ni dulce, chenye chumvi salado, kichungu amargo, kichachu ácido au agrio, kilichopooza chumvi soso. Kikiwa kitamu tu unasema está muy rico au está buenísimo.

Sentensi ya thamani kuliko zote kwenye mgahawa ni ¿qué lleva?, yaani hiki kina nini ndani. Kama huli nguruwe uliza ¿lleva cerdo?, na ujue nguruwe anajificha kwenye majina mengi, jamón, tocino, panceta, chorizo, chicharrón, na manteca, ambayo Hispania na Meksiko kwa kawaida ni mafuta ya nguruwe wakati Argentina ni siagi tu. Kama una aleji sema soy alérgico a los cacahuetes, mwanamke alérgica. Kuondoa kitu ni sin, sin cebolla, sin azúcar. Bili ni la cuenta, por favor. Na kuwatakia wenzako chakula chema ni que aproveche Hispania, buen provecho Amerika ya Kilatini.

10. Resipi za kufuata

Baada ya tortilla nenda kwa mpangilio wa vitenzi, sio wa utamu. Guacamole, parachichi la kuponda, itakupa machacar, picar na exprimir, kukamua, na haina moto kabisa. Gazpacho, supu baridi ya nyanya, itakupa triturar, kusaga kwa blenda, colar na enfriar, kupoza. Arroz con leche ni wali wa maziwa na sukari, humo utakoroga mpaka remover ikuingie kwenye damu, pamoja na canela, mdalasini, na cáscara de limón, ganda la limau. Lentejas, dengu, zina sofrito ndani yake. Mkate uache mwisho, una amasar, kukanda, dejar reposar, kuacha unga upumzike, levadura, hamira, na hornear, na maelezo yake huwa marefu, kwahiyo uyafikie ukiwa umeshazoea kusoma resipi bila kusimama kila mstari.